Kisa cha mtoto wa Busia: lugha tatu, masikio yenye usaha na nyumba iliyonyamaza

Aliyeletwa kwetu alikuwa mvulana wa miaka mitatu na miezi miwili. Anaishi Busia upande wa Uganda, katika nyumba za kupanga za chumba kimoja kimoja, wapangaji wote wakitumia ua mmoja na bomba moja. Mama yake huuza mitumba na huvuka mpaka siku za soko. Baba ni utingo wa lori la mafuta kati ya Mombasa na Kampala, kwa hiyo nyumbani hupita tu. Anayeshinda na mtoto ni jajja, mama mzazi wa baba. Jajja husema Kisamia, mama husema Kiswahili, redio ya jirani husema Luganda, na ua mzima huchanganya yote bila kuomba ruhusa. Majina sikuyaweka, na mambo machache yanayoweza kuitambulisha familia nimeyageuza.

Lalamiko lilikuwa neno moja: hasemi. Mama, ambaye huniita mwalimu, aliongeza, "Mwalimu, anaelewa kila kitu, ila mdomo ndio mzito." Jajja, aliyekuwa amekaa kando, akamkatiza: "Ni ule ukano wa chini ya ulimi. Ukikatwa, atasema."

Walipofika kwangu walikuwa wamekwisha kupokea ushauri mwingi, nami huanza na ushauri waliopewa kabla ya kumgusa mtoto. Mara nyingi ushauri wenyewe umekuwa sehemu ya ugonjwa.

Waliyoambiwa

La kwanza, wasubiri. Muuguzi alikuwa amemwambia mama kwamba wavulana huchelewa. Kuna chembe ya ukweli: kwa wastani wavulana huanza kusema nyuma kidogo ya wasichana. Lakini kidogo hicho hakifiki mwaka. Mtoto wa miaka miwili kwa kawaida anaunganisha maneno mawili, "mama kuja", "taka maji". Wa miaka mitatu anatoa sentensi fupi, na hata mgeni anaelewa sehemu kubwa ya anachosema. Huyu hakuwa ameunganisha hata maneno mawili. Hapo jinsia haielezi kitu.

La pili lilitoka kwa baba mwenyewe, kwa simu: "Mimi nilianza kusema nikiwa na miaka minne, na leo nani ananinyamazisha?" Ukoo mzima ulicheka na kutulia. Mimi sikutulia. Kuchelewa kusema hurithiwa katika baadhi ya familia, na historia ya namna hiyo inamwongezea mtoto hatari. Baba aliyechelewa ni sababu ya kumtazama mtoto mapema, wala si kibali cha kungoja.

La tatu, ukano. Nilimpaka mtoto sukari kidogo juu ya mdomo wa juu, akaitoa kwa ncha ya ulimi bila shida. Ukano mfupi unaweza kumtatiza mtoto kunyonya, na pengine kumharibia matamshi ya sauti chache, ila haumzuii kujifunza maneno. Mtoto mwenye ukano mfupi husema, hata kama anasema vibaya. Jajja hakuridhika moja kwa moja, na sikutaka kushindana naye mbele ya mkwe wake. Nilimwomba tu wembe usubiri hadi masikio yapimwe. Alikubali, nadhani kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza habari za masikio.

La nne lilitoka shuleni, na nitalirudia kwa urefu kwa sababu ndilo lililoleta hasara kubwa kuliko yote. Mtoto alipoingia baby class, darasa la chini kabisa la chekechea, akiwa na miaka miwili na nusu, mwalimu wa huko alimwambia mama: "Nyumbani mnamchanganya na lugha tatu. Acheni zote, mzungumzieni Kiingereza peke yake."

Nilichoangalia kabla ya kuhesabu maneno

Mtu anayesikia "hasemi" huukimbilia mdomo. Mimi huanza na macho na vidole. Je, mtoto anaonyesha kwa kidole, kisha anakugeukia kuona kama nawe umeona? Huyu alifanya hivyo mara tu bodaboda ilipopita nje ya lango: akaelekeza kidole, akanitazama, akairudia bodaboda, akacheka. Anaigiza? Alikuwa na mfuniko wa sufuria anaouzungusha kama usukani, na kila akifika kona anapiga honi kwa mdomo. Anataka watu? Alimvuta jajja kwa mkono hadi kwenye mtungi, akasimama akimtazama usoni.

Nataja haya kwa sababu mwenzangu mmoja kazini aliposikia kwamba mtoto haitiki jina lake, alitaja usonji papo hapo, ile hali ya ukuaji inayomtatiza mtoto kuwasiliana na kushirikiana na watu. Ni swali halali, na lazima liulizwe kwa kila mtoto asiyesema. Lakini mtoto huyu alikuwa na kila kiungo cha mazungumzo isipokuwa maneno: alishirikisha, aliigiza, alisubiri zamu, alitania. Kutoitika jina kulihitaji maelezo mengine.

Nikamuuliza mama swali ambalo hakulitarajia: kuna siku anasikia na siku hasikii? Akacheka. "Huyo ni mkaidi. Leo ukimwita anakuja mbio, kesho unamwita mpaka sauti inakauka." Ukaidi wa siku za zamu ni dalili ya sikio. Maji au usaha ukijaa nyuma ya ngoma ya sikio usikivu hushuka, ukitoka hupanda, na wazazi huona tabia badala ya ugonjwa. Nikamuuliza kuhusu mto wa kulalia. Una madoa, akasema, na una harufu. Masikio yamekuwa yakitoa usaha tangu mtoto alipoanza kutembea, yanakauka, yanarudi. Jajja alikuwa akidondosha mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kidogo.

Historia nyingine ilikuwa shwari. Alilia mara tu alipozaliwa, hakupata manjano, alikaa na kutembea kwa wakati. Alilazwa mara moja kwa malaria, bila degedege na bila kupoteza fahamu. Hilo nililiuliza kwa makini: malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo zinaweza kumwachia mtoto uziwi au kumharibia lugha, na hapa kwetu hazisahauliki.

Kisha ndipo nikahesabu maneno. Nchini Kenya, watafiti wa Kilifi walikwisha kutengeneza orodha za maneno za Kiswahili na Kigiriama ambazo mzazi asiyejua kusoma anaulizwa kwa mdomo, akajibu kama mtoto anaelewa au anasema kila neno. Utaratibu huo ni mzuri sana kwa akina jajja wetu, ingawa maneno ya pwani hayakai yote Busia. Nilibadilisha vyakula na vyombo. Na nilihesabu lugha zote pamoja. Mtoto anayesema "maji" kwa Kiswahili na "mata" kwa Luganda, akimaanisha maziwa, ana maneno mawili, wala hapunguziwi kwa kuwa lugha ni mbili. Hata kwa hesabu hiyo ya ukarimu alifikisha maneno yapata ishirini. Mengi yalikuwa vokali tupu: "a-i" kwa maji, "u-u" kwa kuku. Kuelewa nako kulikuwa nyuma kuliko mama alivyodhani. Nikiwa karibu naye alitii agizo moja. Nikimpa mawili kwa pamoja, bila kuonyesha kwa mkono, alifuata la mwisho tu. Mama hakuwa amedanganya. Nyumbani kila agizo huambatana na kidole, na mtoto mwerevu husoma kidole.

Masikio

Sehemu hii haihitaji urefu. Katika kituo cha afya tabibu alitazama ndani ya masikio yote mawili: usaha, na kulia tundu kwenye ngoma. Sikio linalotoa usaha kwa zaidi ya wiki mbili huhesabiwa kuwa na ugonjwa sugu, na tiba yake ya kwanza ni ya kuchosha kuliko kuwa ngumu: kukausha sikio kwa kitambaa safi laini kilichosokotwa, mara tatu kwa siku, kubadilisha hadi kitambaa kitoke kikavu, halafu matone ya antibayotiki, kwa wiki mbili. Vijiti vya pamba marufuku. Mafuta marufuku. Maji ya kuoga yasiingie. Jajja ndiye aliyefundishwa, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa muuguzi.

Kupima usikivu kulituchukua hadi Kampala, takribani kilomita 200, na nauli ilichangwa na majirani. Kwa umri wake inawezekana kumpima kwa mchezo: kila akisikia mlio anatia kizibo kwenye kopo. Usikivu wa sikio la kushoto ulikuwa umepungua kwa desibeli 30 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), wa kulia 45. Mazungumzo ya kawaida ya mtu aliye mita moja kutoka kwako yana desibeli zipatazo 60. Toa 30, kinachobaki ni mnong'ono. Na huo ni mnong'ono wa chumba kimya, ambacho Busia hakipo: kuna mabati, kuna redio, kuna malori yanayosubiri kuvuka usiku kucha. Sauti dhaifu kama "s", "f" na "sh" ndizo hupotea kwanza.

Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha wenyewe ni wachache. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kutoa shahada hiyo mwaka 2008, na wengi wa waliohitimu wamebaki Kampala na kandokando yake. Mmoja alimwona mtoto siku hiyohiyo ya kipimo, tukakubaliana mpango, kisha nikaachiwa mimi niutekeleze huku mpakani.

Kwa familia, hapo kesi ilikuwa imefungwa: tatizo ni masikio, dawa ipo, twende nyumbani. Mimi niliona haijakaa sawa. Upungufu wa desibeli 30 katika sikio zuri hukwamisha mtoto, humfanya atamke ovyo, lakini kwa kawaida haumwachi na maneno ishirini akiwa na miaka mitatu. Kulikuwa na kitu cha pili.

Amri ya Kiingereza

Nilikwenda nyumbani jioni moja kukaa tu. Watoto wa uani walikuwa wakigombania tairi kwa Kiswahili, Kisamia na Luganda, wote wa rika lake au wadogo zaidi. Kama lugha nyingi zingekuwa zinafunga midomo ya watoto, Busia nzima ingekuwa kimya. Utafiti wa nchi nyingi unasema vivyo hivyo: kukua na lugha mbili au tatu hakuleti uchelewaji wa lugha, na hata watoto wenye usonji au wenye sindromu ya Down huweza kujifunza lugha mbili kwa kiwango wanachoweza kujifunza moja.

Ila ndani ya chumba chao palikuwa kimya kweli. Mama aliacha shule darasa la tano. Kiingereza chake kwa mtoto kilikuwa "come", "sit", "eat", "no", "bad manners". Alikuwa ametii mwalimu kwa uaminifu wa kusikitisha: hadithi zake, utani wake, umbea wake wa sokoni, vyote viko kwa Kiswahili, na vyote alikuwa amevifungia nje ya masikio ya mwanawe. Jajja, asiyejua Kiingereza hata cha salamu, alikuwa ameambiwa asimharibu mtoto. Kwa hiyo mtu anayeshinda naye kutwa alikuwa akimpikia, akimwogesha na kumbeba bila neno. Badala yake waliwasha katuni za Kiingereza kwenye simu. Simu husema sana lakini haimjibu mtoto.

Mama akanieleza jambo ambalo hakuwa amelitaja mwanzo. Kabla ya kuanza shule mtoto alikuwa na maneno ya nyumbani kama "twende" na "lete", kisha yakapotea. Mtoto anayepoteza maneno aliyokuwa nayo si wa kusubiriwa hata wiki moja, kwa umri wowote. Inaweza kuwa usonji, inaweza kuwa kifafa cha aina isiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo tulirudi nyuma na kuuliza upya: je, alipoteza pia kucheka na watu, kuonyesha kwa kidole, kuigiza? Hapana. Kuna kuzubaa ghafla, kuna kutikisika usingizini? Hapana, na daktari hakuona dalili. Kilichopotea kilikuwa maneno ya lugha za nyumbani peke yake, na muda wake uliangukia ule ule wa amri ya shule.

Simlaumu mwalimu kwa ubaya wa moyo. Mtaala wa serikali tangu mwaka 2007 unataka lugha ya eneo itumike kufundishia P1 hadi P3, yaani darasa la kwanza hadi la tatu, pale inapowezekana. Shule za chekechea ni za watu binafsi karibu zote, na wazazi hulipia Kiingereza. Mwalimu huuza kinachonunuliwa. Lakini kumwambia mama aache lugha yake ni kumpa dawa isiyopimwa, na mtoto ambaye tayari anasikia nusu ndiye wa mwisho kustahili kupunguziwa maneno.

Tulichofanya

Tulianza na mazungumzo kabla masikio hayajakauka. Kuna wanaopendelea kutibu sikio kwanza ndipo lugha ifuate. Kwa mtoto wa miaka mitatu, miezi ya kungoja ni sehemu kubwa ya maisha yake, na sikio sugu halina tarehe ya kupona.

Maagizo yangu kwa nyumba yalikuwa machache. Kila mtu aseme lugha yake. Mkaribie mtoto, umtangulie kwa jina lake, uso wako uwe kwenye mwanga. Fuata macho yake: akitazama kuku, zungumza habari za kuku, usimvute kwenye picha ya tembo. Akitoa neno, lirudishe likiwa limeongezwa kidogo. Akisema "maji", wewe sema "maji baridi" au "maji yamemwagika". Na msimlazimishe kusema. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Kila mgeni aliyeingia uani alimshika kidevu: "Sema maji! Sema!" Mtoto akifanyiwa hivyo hujifunza kwamba kusema ni mtihani. Badala yake tulimpa kuchagua: "Uji au chai?" huku vikombe viwili vikiinuliwa, halafu kimya cha kutosha ili apate nafasi. Mama alikuwa akijibu kwa niaba yake kabla hata hajavuta pumzi.

Darasa bora lilitokea katika robota la mitumba. Jioni mama hupanga mzigo wa kesho, na hapo lugha inajitoa yenyewe: suruali ya nani hii, kubwa au ndogo, kifungo kimekatika, shati jekundu, viatu vyekundu, soksi moja imepotea. Mtoto alipewa kazi ya kutafuta soksi ya pili. Hakuna aliyemfundisha upatanisho wa ngeli. Aliusikia, mara nyingi, katika jambo analolijali. Jajja naye alirudishiwa kuchambua maharage na kusimulia. Nilipomwambia kwamba Kisamia chake ndicho dawa, alinitazama kana kwamba namdhihaki, kisha akaanza na hakunyamaza tena.

Baba alikuwa mgumu kwa sababu hayupo. Simu ya sauti tupu haimfai mtoto wa sikio bovu. Tukakubaliana apige ya video, aonyeshe lori, aseme anachokiona.

Kilichobadilika, na kisichobadilika

Maneno yaliyopotea yalirudi kwanza, "twende" akiwa mbele, wakati sikio la kulia likiendelea kutoa usaha. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kwamba masikio peke yake hayakuwa kisa chote. Kufikia mwisho wa muhula wa pili tangu tuanze alikuwa akiunganisha: "baba pikipiki", "jajja kuja", "taka soksi". Shangazi mmoja alitaka tumsahihishe aseme "nataka". Tulimzuia. Watoto wanaojifunza Kiswahili huangusha viambishi vya mwanzo wa kitenzi wakiwa wadogo, na huyu anapita njia ile ile, kwa kuchelewa tu. Mtu mzima akisema "unataka soksi?" amekwisha kusahihisha.

Sikio la kushoto limekauka na usikivu wake umerudi karibu na kawaida. La kulia hufunguka kila mafua yanapompata. Upasuaji wa kuziba ngoma kwa kawaida husubiri mtoto akue, kwa hiyo kwa sasa ni kitambaa, matone, na kiti cha mbele darasani, sikio la kushoto likielekea kwa mwalimu. Mwalimu alikubali kiti bila ubishi. Habari ya Kiingereza tuliizungumza kwa upole zaidi. Nilimwambia kwamba Kiingereza ni kazi ya shule, na nyumba imwachie, naye akaona hapo hapotezi mteja.

Swali moja bado liko wazi. Amesonga, lakini hajawafikia watoto wa uani, na baba yake alichelewa vilevile. Huenda chini ya masikio na chini ya ule ukimya kuna ugumu wa lugha wa kuzaliwa nao. Jina hilo halipewi kwa haraka kabla ya miaka minne au mitano, hasa kwa mtoto ambaye ndio kwanza ameanza kusikia na kuzungumziwa. Tutampima tena kwa orodha ile ile, lugha zote pamoja, atakapotimiza miaka minne na nusu, na usikivu utapimwa upya kabla ya hapo.

Kuna pia mdogo wake, msichana wa miezi tisa. Kwa sababu ya historia ya baba nimeomba aletwe siku za chanjo ili nimtazame: kama anageukia sauti asiyoiona, kama anatoa "bababa" na "dadada", kama masikio ni makavu. Mpaka sasa anafanya yote matatu. Jajja humzungumzia Kisamia, na chupa ya mafuta imerudi jikoni.